Kabla ya kununua TV ya inchi 85, pima giza la sebule yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Hivi karibuni mlichapisha makala ya ushauri kuhusu vifaa vya nyumbani, na mwandishi akawaambia wasomaji kwamba mwenye fedha anunue TV kubwa kadiri mfuko wake unavyoruhusu, kwani projekta ni kitu cha ofisini, cha kanisani na cha semina. Mimi ni fundi wa ving'amuzi na TV hapa Ngamiani, Tanga. Nafunga madishi, nafungua TV zilizoungua, napiga breketi ukutani, na miaka ya karibuni nafunga pia projekta majumbani. Naingia sebuleni mwa watu, naona wanavyokaa, wanaangalia nini na saa ngapi. Kwa familia nyingi ninazozifahamu ushauri ule si sahihi, tena unawagharimu.

Umekuja wakati mbaya pia. AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi pamoja na Kenya na Uganda. Kadiri inavyokaribia, watu watavunja vibubu na kupokea fedha za upatu ili wapate picha kubwa nyumbani. Ndiyo maana nimeona nisikae kimya.

Nianze na jua, maana ndilo linaloamua. Ushauri wa kwamba projekta haifai nyumbani kwa sababu ya mwanga umetoka nchi ambazo mwezi Juni jua linazama saa tatu usiku. Mtu wa London akirudi kazini wakati huo wa mwaka, mwanga wa mchana bado umejaa dirishani hadi karibu na saa yake ya kulala. Kwake TV ni jibu la busara. Sisi tuko karibu na Ikweta. Hapa Tanga jua linazama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, iwe Juni au Desemba. Na saa moja ndiyo saa ambayo nyumba zetu zinaanza kukaa pamoja mbele ya picha: watu wameswali, chakula kiko jikoni, taarifa ya habari ni saa mbili, baada yake tamthilia, na usiku wa Ligi ya Mabingwa mechi inaingia saa nne na kuendelea. Giza linalohitajika na projekta tunapewa bure kila siku, na linakuja saa ileile tunayolihitaji. Mwandishi wenu hakulitaja hata kwa sentensi moja.

Nieleze kwa nini giza lina uzito kiasi hicho. TV inatoa mwanga wake yenyewe, na sehemu nyeusi ya picha inabaki nyeusi kwa sababu kioo chenyewe ni cheusi. Projekta haiwezi kurusha weusi. Unapoona shati jeusi la mwamuzi ukutani, pale projekta haikurusha kitu, na unachokiona ni ukuta wako mweupe ambao haukupata mwanga. Ukiacha dirisha wazi saa nane mchana, ukuta huo unapata mwanga wa nje, na shati la mwamuzi linageuka kijivu. Nina kipima mwanga kidogo cha mkononi. Katika sebule yenye mapazia mepesi mchana kweupe, kimenionyesha zaidi ya luksi 200 kwenye ukuta (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Usiku, taa ya sebuleni ikizimwa na ya ukumbini ikabaki inawaka, kimeshuka hadi luksi chache tu. Hapo picha ya projekta inaonekana vizuri. Kumbi za sinema zenyewe zinalenga mwangaza wa kandela 48 kwa mita ya mraba, na kwa picha ya inchi 100 kwenye ukuta mweupe usiong'aa, kiasi hicho kinafikiwa kwa lumeni, yaani kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye projekta, 500 hivi za kweli. Hilo neno "za kweli" nitalirudia hapa chini, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sasa ukubwa. Watu wanalinganisha inchi kama vile wanalinganisha bei, lakini inchi zinapimwa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, na zinadanganya jicho. TV ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144 na kimo cha sentimita 81. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Ukipiga hesabu ya eneo, ya pili ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Sebule zetu nazo hazina watu watatu kwenye kochi. Zina baba na mama, watoto, mtoto wa shangazi aliyekuja kusoma, na jirani aliyeingia kuomba chumvi akakaa. Wengine wako kwenye mkeka upande wa kushoto kabisa, karibu na ukuta. TV nyingi za bei tunayoimudu hupauka rangi ukizitazama kutoka ubavuni. Ukuta uliopakwa rangi isiyong'aa unarudisha mwanga pande zote karibu sawasawa, kwa hiyo mtoto aliye pembeni anaona rangi zilezile anazoziona baba yake aliye katikati.

Na wala picha ya ukutani si mgeni kwetu. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini huku Bara tulikaa bila kituo cha TV hadi 1994. Miaka yote hiyo wazee wetu walijua picha ya kurushwa: hapa Tanga walikwenda Majestic na Regal, na vijijini lilikuja gari la sinema, shuka likafungwa, watu wakakaa chini.

Mhariri, nikupeleke kwenye nyumba moja ya Makorora. Mwenyewe ni mama mtu mzima, anakaanga vitumbua alfajiri na kuuza hadi saa nne asubuhi. Alinipigia simu nikapime ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani. Nimekuita unitazamie huu ukuta. Nimepokea upatu wangu, nataka ile TV kubwa, inchi sabini na tano."

Nikamuuliza kwa nini sabini na tano, kwani iliyopo ya inchi 32 haikuwa na tatizo.

"Wanangu," akasema. "Kila usiku wa mechi wako kibanda umiza. Wanarudi saa saba, mlango naufungua mimi, na saa kumi nishaamka kukoroga unga. Nataka picha kubwa iwe hapa hapa. Wenzao waje, wapige kelele wanavyotaka, mimi nilale nikijua wako wapi."

Niliona hiyo ni sababu nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia za kununua kitu cha elektroniki. Nikatoa keekee nikajaribu ukuta mahali alipotaka TV ikae. Sentimita mbili za kwanza ulitoka unga wa kijivu wa lipu, kisha ukaanza kutoka udongo mwekundu mkavu, na skrubu niliyoiweka ikazunguka bila kushika. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini ndivyo zilivyo, zimepigwa lipu nje na ndani lakini moyo wake ni udongo. TV ya inchi 75 ina kilo 30 na ushee, na breketi juu yake. Nikamwambia, mama, huu ukuta hautaubeba mzigo huo, na chini ya mzigo huo ndipo wajukuu wako wanapolala mchana. Unaweza kuiweka mezani, lakini meza ya kuibeba itakula nusu ya sebule, na mpira mmoja wa mtoto utatosha. Kioo cha TV kubwa kikipasuka, bei ya kioo kipya inakaribia bei ya TV yenyewe. Mafundi wote wanalijua hilo, ndiyo maana TV zilizopasuka zimejaa nyuma ya vibanda vyetu na hakuna anayekuja kuzichukua.

Jioni yake nilirudi na projekta yangu. Sebule yake ni ya futi kumi na mbili kwa kumi, ukuta mmoja mrefu una rangi ya maji nyeupe iliyofifia kidogo. Niliiweka juu ya stuli iliyowekwa juu ya meza, nikachomeka waya wa HDMI kwenye king'amuzi chake, nikavuta pazia. Hakusema kitu kwa muda. Kisha aliuliza swali ambalo kila mnunuzi anapaswa kuliuliza kabla hajatoa hata shilingi: "Na mchana, fundi?"

Jibu langu lilikuwa, mchana ile inchi 32 ibaki palepale ilipo. Habari za asubuhi na katuni za watoto hazihitaji ukuta mzima. Kwa maoni yangu huo ndio mpango unaofaa nyumba zetu: TV ndogo kwa mchana, projekta kwa usiku. Vyote viwili kwa pamoja mara nyingi havifiki bei ya TV moja ya inchi 85.

Ndipo akanionyesha picha kwenye simu yake. Mpwa wake wa Dar es Salaam alikuwa tayari amemchagulia projekta dukani, ndogo, nyeupe, inazunguka kwenye stendi yake. Ubavuni mwa boksi paliandikwa lumeni 12,000 na 8K. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya simu ya kawaida.

Hapa naomba tuende polepole, kwa sababu hapa ndipo wananchi wanapoibiwa. Ipo njia ya kupima mwangaza wa projekta inayojulikana kwa jina la ANSI, shirika la viwango la Marekani, na wenzao wa ISO, shirika la viwango la kimataifa, wana kiwango chao namba 21118 kinachofuata mwendo huohuo. Njia yenyewe haina siri, hata mtoto wa sekondari anaiweza. Unarusha picha nyeupe ukutani. Unaigawa kwa gundi ya karatasi iwe miraba tisa iliyo sawa, mitatu kwa mitatu. Unapima luksi katikati ya kila mraba, unatafuta wastani, unazidisha kwa eneo la picha kwa mita za mraba. Jibu ndilo lumeni.

Projekta ya aina ileile aliyokuwa nayo mteja wangu mwingine, boksi linalofanana na namba zilezile, niliipima hivyo. Picha ilikuwa ya inchi 80, yaani mita 1.76 za mraba. Mraba wa katikati ulinipa luksi 144. Ya pembeni ilikaa kwenye 110 hivi. Kona nne zilibaki kwenye 70. Wastani 96. Ukizidisha unapata karibu lumeni 170. Boksi linasema 12,000. Yaani mnunuzi amepewa sehemu moja kati ya sabini ya alichoandikiwa. Ukiipanua picha hiyo hadi inchi 100, mwanga ule mdogo unatawanyika juu ya eneo kubwa zaidi, na mchezo wa usiku unaonekana kama unachezwa bila taa za uwanja.

Na hiyo 8K, jina la picha yenye pikseli nyingi sana, yaani vidoa vinavyoiunda? Projekta ile ina pikseli 1280 kwa 720 zake yenyewe. Kilichoandikwa ni kwamba inaweza kupokea mawimbi ya ukubwa ule ikayapunguza. Hiyo si 8K, wala si 4K, na hata 1080 haifiki. Anayeuza analijua hilo. Anayenunua hajui, kwa sababu maandishi makubwa yako mbele na ya kweli yako ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kama yapo.

Matokeo yake nayaona kila wiki. Mtu ananunua kile kiboksi, anakiwasha sebuleni saa kumi na moja jioni, haoni kitu, anakitupa kabatini na kutangaza mtaa mzima kuwa projekta ni utapeli. Kisha anaingia kwenye mkopo wa TV kubwa. Nashuku kwamba mwandishi wenu naye alikutana na projekta ya namna hiyo, na kama ni hivyo simlaumu kwa alichokiona. Lakini alipaswa kujua kuwa ipo nyingine.

Ipo. Ile niliyomfungia mama wa Makorora ilitoka ofisini, mtumba, ya kampuni inayojulikana, na namba yake ya ANSI ni 3,000. Projekta za aina hiyo zinaingia nchini kwa wingi ofisi za nje zinapobadilisha vifaa. Wengi wanazipita dukani kwa sababu ni nzito, za mraba, hazina Bluetooth wala YouTube ndani yake. Lakini king'amuzi unacho tayari, na lenzi yake ni ya kioo safi. Zina kasoro zake na lazima nizitaje. Nyingi zina umbo la zamani la nne kwa tatu, hivyo mechi inaacha mistari myeusi juu na chini. Feni yake inasikika. Na zinatumia balbu ya zebaki yenye maisha ya saa 3,000 hadi 5,000, kutegemea aina. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akufungulie menyu na akuonyeshe saa ambazo balbu imekwisha kuwaka. Uliza pia bei ya balbu mpya hapohapo, mbele yake, na kama inapatikana. Balbu ya saa 4,000 kwa nyumba inayoangalia saa tatu kila usiku inafika miaka mitatu na nusu. Ikipasuka, fungua madirisha, watoe watoto, na mabaki yake usiyatupe jalalani kama kopo la kawaida.

Mwenye uwezo zaidi achukue mpya yenye taa ya LED au leza, ambazo watengenezaji wanazipa saa 20,000 na kuendelea, mradi tu namba ya ANSI au ISO imeandikwa. Pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha kabisa kwa ving'amuzi vyetu. Tena niseme wazi kwamba picha kubwa inafichua ubaya wa chaneli. Chaneli ambayo kwenye inchi 32 ilionekana safi, kwenye inchi 100 utaona nyuso zimejaa vibonge. Projekta haikuharibu kitu, ndivyo chaneli inavyorushwa.

Umeme nao una mambo yake. Projekta ya balbu inakula wati 300 hivi. Kwa saa tatu kila usiku hiyo ni uniti 27 kwa mwezi. Mteja aliye kwenye daraja la matumizi madogo, lile la kutozidi uniti 75 kwa mwezi, aliangalie sana, maana akipiga pasi na friji humo humo anavuka. Projekta ya LED yenye wati 80 inatumia uniti saba tu kwa muda huohuo. TV kubwa iko katikati ya hizo mbili kwa wati, lakini TV ina tabia moja: inawashwa asubuhi inasahaulika hadi usiku. TV ya wati 200 ikiwaka saa kumi kwa siku imekula uniti 60 kwa mwezi. Projekta haisahauliki, kwa sababu mchana haina kazi.

Umeme ukikatika ghafla balbu inabaki ya moto na feni imesimama, na hilo linaifupisha maisha. Wateja wangu wa balbu nawashauri waweke UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ili feni ipate dakika za kuipoza, halafu wazime wenyewe. Hiyo fedha si ya kupoteza. LED haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa.

Nafasi watu wanaiogopa bila sababu. Projekta nyingi za ofisini zinahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho chumba cha mpangaji wa kawaida hapa mjini, kinakupa mita 2.8 baada ya kutoa nafasi ya projekta yenyewe, na hizo zinatosha kwa picha ya inchi 84. Ukuta uwe umepigwa rangi ya maji nyeupe. Rangi ya mafuta inang'aa, na utaona duara la taa ya projekta katikati ya uso wa mchezaji. Ukiifunga darini, skrubu zishike mbao, siyo jipsamu peke yake. Na ielekee ukuta ikiwa imenyooka, maana kile kitufe cha kunyoosha picha iliyopinda kinafanya kazi kwa kukata pikseli, na unazikosa pikseli ulizozilipia. Juu darini mtoto pia hawezi kuchungulia kwenye lenzi, jambo ambalo kwa taa za leza ni la hatari kweli.

Kuna adui mmoja ambaye vijitabu vya nje havimtaji: wadudu. Usiku wa masika, kumbikumbi wakiona ule mwanga wanaingia kama wamealikwa, na kivuli cha mmoja akitua kwenye lenzi ni kikubwa kuliko golikipa. Wavu wa dirishani ni wa lazima. Mjusi kafiri naye anapenda joto, na nimeshafungua vifaa vingi vilivyokufa nikamkuta amekaukia juu ya sakiti. Matundu ya hewa yasizibwe kamwe, lakini kitambaa kifunike projekta ikishapoa.

Sauti ya projekta ni dhaifu. Chomeka sabufa uliyonayo, yatosha.

Sisemi kila mtu aache TV. Kinyozi, mwenye mgahawa, mama anayeshona barazani huku akifuatilia tamthilia ya saa saba mchana, mgonjwa anayelala siku nzima, hao wanunue TV, na iwe yenye mwanga mkali. Mwenye nyumba isiyo na mapazia, vilevile. Vijana wanaocheza gemu za mashindano nao waangalie, kwani projekta nyingi zinachelewesha picha kidogo na kidole kinatangulia. Lakini familia inayokusanyika usiku, yenye watu wengi na ukuta mmoja mweupe, isiambiwe kuwa projekta ni ya ofisini.

Pia tufikirie usafiri. TV ya inchi 85 inayotoka Dar es Salaam kwenda Lushoto inapanda gari la mizigo, inasimamishwa wima katikati ya magodoro, inapita kona zote za mlimani, na inashushwa na vijana ambao hawajui ilivyo laini. Nimeitwa kufunga TV ambayo ilipotolewa kwenye boksi ilikuwa na ufa kama wa utando wa buibui, na muuzaji amekataa kuipokea kwa sababu risiti inasema mali ikishatoka dukani hairudi. Projekta inapakatwa kwenye basi.

Ombi langu ni kwa Shirika la Viwango, TBS, na kwa Tume ya Ushindani. Projekta yoyote inayouzwa nchini iandikwe mwangaza wake kwa ANSI au ISO, kwa maandishi makubwa kama yale mengine, pamoja na idadi ya pikseli zake yenyewe. Kifaa cha kupimia kinashikika mkononi, na gundi ya karatasi inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Hawahitaji maabara mpya, wanahitaji kuamua tu. Wakiamua kabla ya 2027, watu wengi wataokoa fedha zao.

Nanyi wa gazeti mna sehemu yenu. Kurasa zenu zinachukua matangazo ya maduka haya. Tangazo la projekta likija, muulizeni muuzaji namba ya ANSI kabla hamjalipanga ukurasani, na akishindwa kuitaja, lirudisheni.

Ni mimi msomaji wenu,

Fundi wa ving'amuzi na TV,
Ngamiani, Tanga.